Bakshishi si Chai: Msafiri na Adabu ya Kutoa

Pana swali ambalo humsumbua kila msafiri, awe rubani aliyekwisha kuzunguka dunia mara nyingi au mwalimu anayepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kwenye kongamano: nimpe nani bakshishi, nimpe kiasi gani, na nimpe lini? Vitabu vya kuwaongoza watalii hulijibu swali hilo kwa majedwali. Nchi hii toa asilimia 15, nchi ile usitoe kitu. Majedwali hayo yana faida yake, lakini hayamwambii msafiri kwa nini hapa atoe na pale asitoe, wala hayamfundishi kutofautisha shukrani na hongo. Tofauti hiyo ndiyo ninayokusudia kuieleza leo. Nitaanza na maneno, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, na kwa kuwa naamini kwamba mahali ambapo maneno yamevurugika, matendo nayo hayakawii kuvurugika.

Swali lenyewe si la matajiri peke yao. Vijana wetu wengi wameajiriwa kuwa wahudumu wa ndege katika mashirika ya Ghuba, na leo wanalala Frankfurt, kesho kutwa Tokyo. Wanafunzi wetu huenda ng'ambo kusoma na kufanya vibarua katika mikahawa. Isitoshe, hapa nyumbani maelfu ya watu katika hoteli za Mombasa, Naivasha na Nairobi hutegemea bakshishi kukimu jamaa zao. Sisi basi ni watoaji na wapokeaji, na yatupasa tuijue adabu ya pande zote mbili.

Neno bakshishi asili yake ni Uajemi. Limetokana na kitenzi bakhshidan, chenye maana ya kutoa na pia kusamehe. Kutoka huko lilienea Uturuki, Uarabuni na Bara Hindi, na pwani yetu ikalipokea kama ilivyopokea maneno mengine mengi ya watu wa bahari. Yafaa msomaji atie maanani maana hiyo ya asili. Kitenzi kinachobeba kutoa na kusamehe pamoja hakiwezi kuwa kitenzi cha deni. Kile ninachodaiwa ni ujira, ada au ushuru. Bakshishi huanza pale ambapo deni limekwisha kulipwa.

Wazungu wao walizipa fedha hizi jina la kinywaji. Wafaransa huziita pourboire, yaani za kunywea; Wajerumani huziita Trinkgeld, pesa za kinywaji; Wapolandi husema napiwek, neno lililotokana na bia. Warusi nao husema chaevye, pesa za chai. Kwa hivyo, anayedhani kwamba sisi Wakenya ndio tuliobuni desturi ya kuomba chai amekosea. Hata Wahindi husema chai-pani, chai na maji, wakikusudia kitu kile kile kidogo kinachotoka mkono mmoja kuingia mwingine.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa. Wafaransa wana pourboire kwa mhudumu wa mkahawa, lakini fedha za kumpotosha afisa wameziita pot-de-vin, mtungi wa mvinyo. Majina yote mawili ni ya kinywaji, lakini hakuna Mfaransa anayeyachanganya. Wajerumani wana Trinkgeld kwa mhudumu na Schmiergeld, pesa za kulainishia kama grisi, kwa mla rushwa. Sisi je? Aliyetuletea chakula mezani kwa bashasha tunampa chai. Askari aliyetusimamisha kwenye kizuizi cha barabarani naye tunampa chai. Karani aliyeficha faili letu hadi tukajipapasa mifukoni, naye ni chai vilevile. Eric Wainaina alipotoa wimbo wake uitwao Nchi ya Kitu Kidogo mwaka 2001, hapakuwa na Mkenya aliyehitaji kufafanuliwa maana ya jina hilo.

Katika isimu jambo hili tunaliita tasfida, yaani kutumia neno laini mahali pa neno linalotia haya. Tasfida ina kazi njema katika lugha. Ndiyo hutuwezesha kuzungumzia maradhi, uzazi na mauti bila ya kuvunja heshima. Lakini tasfida yaweza pia kuwa nguo ya mwizi. Wenzetu wa Tanzania waliliona hilo katika neno takrima, neno zuri lenye asili ya Kiarabu na maana ya kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima za wagombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikavitangaza vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha katiba. Mahakama iliona kwamba chini ya kilemba cha ukarimu palikuwa na kichwa cha rushwa.

Na lau tungalipungukiwa maneno, tungaliweza kujitetea. Lakini Kiswahili kina hazina kubwa katika uwanja huu. Tuna kilemba, zawadi aliyopewa fundi au mwalimu mwanafunzi wake alipohitimu. Tuna kiinua mgongo, ambacho leo ni malipo ya mtumishi anayestaafu, na ambacho jina lake lenyewe laonyesha mgongo ulioinama kazini ukiinuliwa kwa heshima. Tuna kitenzi kutuza, kilichotupatia tuzo. Katika tarabu, mtu anayeguswa na wimbo huinuka, akajongea mbele akicheza, akamtuza mwimbaji noti mbele ya ukumbi mzima. Hakuna anayenong'ona wala kukunja noti ndani ya kiganja.

Hata neno hongo lina historia ambayo msafiri anapaswa kuijua. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kwenda bara ilitoa hongo kwa watawala wa nchi ilizozipita, hasa Ugogo. Wageni kama Burton na Stanley walinung'unika sana juu ya hongo hiyo katika maandishi yao. Lakini ile ilikuwa ushuru wa njia. Mpokeaji alijulikana, kiasi kilijadiliwa kwa vitambaa, shanga na nyaya, na msafara ulipata ruhusa ya kupita na kuteka maji. Leo anayepokea hongo ni mtumishi mwenye mshahara, naye humuuzia raia njia ambayo raia huyo amekwisha kuilipia kwa kodi yake. Jina limebaki, uhalali umetoweka.

Wahenga wetu waliziona njia hizi mbili za kutoa, wakaziwekea methali mbili. Ya kwanza ni: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ya pili ni: Penye udhia penyeza rupia. Rupia iliacha kutumika Kenya mwaka 1920, lakini methali haijaacha kutumika. Hebu tuvitazame vitenzi vyake. Kutoa ni tendo la mkono ulio wazi, na methali inatuambia kwamba chanzo chake ni moyo. Kupenyeza ni kauli ya kutendesha ya kupenya; ni kukifanya kitu kipite katika upenyo mwembamba, mahali ambapo jicho halifiki. Na chanzo chake si moyo, ni udhia. Anayetoa ameshukuru, anayepenyeza amebanwa, au anataka kumpita mwenzake kwenye foleni.

Kutokana na hayo, nampendekezea msafiri maswali matatu badala ya jedwali. La kwanza: je, nisipotoa nitanyimwa kitu ambacho ni haki yangu? La pili: je, ningeweza kukitoa hiki mbele ya watu wote, kama anayemtuza mwimbaji? La tatu: je, huyu ninayempa ana mamlaka juu yangu, au juu ya haki ya mtu mwingine? Wengi hudhani kwamba wakati ndio kipimo, kwamba cha mbele ni hongo na cha nyuma ni bakshishi. Kipimo hicho husaidia, lakini hakitoshi. Katika nyumba za wageni za jadi za Japani, nchi ambayo kwa kawaida haina desturi ya bakshishi, mgeni anayetaka kumshukuru mhudumu wake humpa fedha ndani ya bahasha anapofika, si anapoondoka. Hapo hapana hongo, kwani mhudumu huyo hana cha kumnyima mgeni.

Tuyapeleke maswali hayo ndani ya ndege. Abiria wengi huuliza kama inafaa kumpa bakshishi mhudumu aliyewaletea chakula na blanketi. Jibu la mashirika mengi ni hapana, na sababu yake ni nzito kuliko adabu. Mhudumu wa ndege si mwandalizi wa chakula aliyepaa angani. Kazi yake ya kwanza ni usalama. Kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria, ndege ya aina mpya yenye viti zaidi ya 44 hutakiwa kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, huku nusu tu ya milango ikitumika. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikawaka moto. Watu watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ya walinzi walifariki. Lakini wote 379 waliokuwa katika ile ndege ya abiria walitoka hai, wakiongozwa na wahudumu. Mtu mwenye jukumu kama hilo hafai kuzoeshwa kuwapima abiria kwa mizani ya nani ametoa na nani hakutoa.

Mwaka 2016 shirika moja la Marekani, Frontier Airlines, lilianza kuwaalika abiria watoe bakshishi wanaponunua vinywaji ndani ya ndege. Chama cha wahudumu wa ndege wa nchi hiyo hakikushangilia. Kilipinga, kikisema kwamba kampuni inataka kuwatwika abiria gharama ambazo ni zake. Wapokeaji wenyewe walikataa kwa kuwa walijua kwamba bakshishi ikishazoeleka, huanza kula mshahara.

Mambo hubadilika rubani na wahudumu hao wanapotua na kuelekea hotelini. Sasa wao ndio wageni. Yupo dereva anayewabebea mizigo usiku wa manane, na yupo mtandika vitanda ambaye pengine hawatamwona uso. Huyu wa pili ndiye anayesahaulika zaidi, kwa kuwa hasimami mlangoni kungoja. Ninapolala hotelini mimi huacha kitu kila asubuhi, wala sisubiri siku ya kuondoka, maana anayesafisha leo si lazima awe wa kesho. Tena huandika neno asante kwenye karatasi na kuziweka fedha juu yake. Bila ya karatasi hiyo, mfanyakazi mwaminifu ataziacha akidhani zimesahauliwa, na atakayezichukua aweza kushtakiwa kwa wizi. Jambo jingine: msafiri asimpe mtu sarafu za nchi za kigeni. Maduka ya kubadilishia fedha hupokea noti, aghalabu hayapokei sarafu. Bakshishi ya sarafu ambazo haziwezi kubadilishwa ni mzigo uliofungwa kama zawadi.

Zipo nchi ambazo bakshishi imekwisha kutoka katika moyo ikaingia katika sheria. Marekani ndiyo mfano mkubwa. Baada ya utumwa kukomeshwa huko mwaka 1865, kampuni ya reli ya George Pullman iliwaajiri Wamarekani Weusi kuwa wachukuzi katika mabehewa ya kulala. Iliwalipa mshahara duni, ikawaachia bakshishi za abiria zijazie. Abiria waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni, kana kwamba hawakuwa na majina yao. Mwaka 1925 A. Philip Randolph aliwaongoza kuunda chama chao, na mwaka 1937 wakapata mkataba na kampuni hiyo. Majimbo kadhaa, likianza Washington mwaka 1909, yalijaribu kupiga bakshishi marufuku kisheria. Kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa.

Hadi leo, sheria ya taifa la Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepata bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 1991, ilhali kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25. Bakshishi zisipofikisha kima hicho, mwajiri anatakiwa kujazia. Yako majimbo, kama California, yanayodai mshahara kamili. Hata hivyo, mwanafunzi wetu anayekula katika mkahawa wa huko na kuondoka bila kutoa, akijisifu kwamba amekataa utumwa, afahamu kwamba aliyeumia si mwenye mkahawa. Ameumia msichana aliyemhudumia, ambaye pengine naye ni mwanafunzi. Desturi mbaya haiondolewi kwa kumnyima mnyonge.

Ufaransa walifuata njia nyingine. Tangu mwaka 1987, bei inayoandikwa katika mikahawa yao sharti iwe imejumuisha malipo ya huduma. Mgeni akiongeza sarafu chache, ni kwa hiari yake, na asipoongeza hakuna anayekasirika. Hapo neno bakshishi linarudi kwenye maana yake ya asili.

Nasi tuko wapi? Mteja katika hoteli zetu hupewa risiti yenye mistari mingi: kodi, ushuru wa utalii, na pengine ada ya huduma. Wengi huona mistari hiyo wakadhani mhudumu amekwisha kupata fungu lake. Ushuru wa utalii haumwendei mhudumu. Huenda katika mfuko wa serikali. Ada ya huduma nayo, ni heri kuuliza kwa upole: je, fedha hizi huwafikia wafanyakazi? Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata bakshishi imeingia katika simu. Anayelipa kupitia nambari ya duka, akiongeza kitu juu ya hesabu, amempa mwenye duka. Anayetaka mhudumu apate, na amuulize nambari yake mwenyewe. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2024, kumlazimisha mwajiri kuwakabidhi wafanyakazi bakshishi zote bila kukata. Ningependa kuona kanuni ya namna hiyo ikibandikwa ukutani katika kila hoteli yetu.

Tatizo hilo hilo liko mlimani. Wapagazi wa Kilimanjaro hupanda na mizigo ambayo kanuni za hifadhi zimeiwekea kikomo cha kilo 20, baridi kali ikiwapiga, ili mgeni afike kileleni akapige picha. Desturi ni mgeni kutoa bakshishi mwisho wa safari. Lakini bahasha moja inayokabidhiwa kiongozi wa msafara haina uhakika wa kuwafikia waliobeba mahema. Mgeni mwenye busara huwakusanya wote, akataja hadharani kila mmoja anapata nini, kisha akatoa. Huko ndiko kutuza. Na kampuni inayomlipa mpagazi mshahara mdogo kwa kisingizio kwamba wageni watatoa, haina tofauti na ile ya Pullman.

Nimewaachia walimu na wanafunzi neno la mwisho, kwa kuwa hawa nao ni wasafiri wa njia ndefu. Mwanafunzi anayeombwa chai ili apewe cheti chake cha matokeo haombwi bakshishi. Cheti ni haki yake. Karani ana mamlaka juu yake. Na wala ombi hilo halitolewi mbele ya watu. Maswali yote matatu yamejibiwa, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabia kosa anayepokea na anayetoa. Mwalimu naye anayeletewa zawadi na mzazi siku chache kabla ya mtihani ajiulize kwa nini haikuja baada. Wazee wetu walikuwa na hekima hapa. Kilemba kilitolewa mafunzo yalipokwisha, wakati ambapo fundi hakuwa tena na la kumnyima mwanagenzi wala la kumpendelea. Zawadi ilingoja mamlaka yamalizike.

Mwalimu wa Kiswahili aweza kuyaandika maneno haya ubaoni, bakshishi, kilemba, tuzo, ujira, ushuru, hongo, mlungula, takrima, na kuwataka wanafunzi wake wayatungie sentensi, kila neno mahali pake. Si zoezi dogo. Kijana atakayelifanya vizuri, siku atakapokuwa mhudumu wa ndege, polisi, karani au waziri, atalijua jina la kile kinachotiwa mkononi mwake. Tumpe mhudumu bakshishi yake kwa uwazi na moyo mkunjufu, nasi tuiite bakshishi. Anayetuuzia haki yetu tumnyime, na ombi lake tuliite hongo. Chai tuiache iwe kinywaji.